Shuka linalong'aa halafu linakutoa jasho

Juzi mama mmoja wa Chumbageni aliingia kwenye kibanda changu cha ushonaji Ngamiani, hapa Tanga, akatua mfuko mezani hata kabla hajakaa. "Fundi, mashuka yenyewe mazuri, lakini nikiyalalia ni kama nimejiviringisha nailoni. Feni inazunguka, mgongo unachuruzika."

Nikayashika. Laini, yanateleza, yamejaa maua ya waridi. Pakiti imeandikwa pamba. Nikaomba ruhusa nichomoe uzi mmoja kwenye pindo, nikauwasha kwa kiberiti. Ukajikunja, ukayeyuka, ukaacha kitone cheusi kigumu kama kichwa cha pini. Pamba haiyeyuki. Huungua kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ukiyafikicha yanapotelea vidoleni. Ukipata majivu na vitone kwa pamoja, huo ni mchanganyiko.

Wateja wengi huchagua shuka kwa kiganja, na kiganja ndicho kinachowaponza, maana poliesta ikiwa mpya huteleza kuliko pamba. Lakini poliesta ni jamii ya plastiki, hainywi maji. Uzi wa pamba ukikaa tu hewani hubeba unyevu wa kama asilimia 7 au 8 ya uzito wake. Wa poliesta haufiki hata asilimia 1. Sasa leta habari hiyo Tanga wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, hewa yenyewe imeshiba maji na jasho halikauki upesi. Shuka lisipolinyonya, linabaki kati yako na godoro. Shusha na chandarua, halafu umeme ukatike saa nane ya usiku, uone.

Dukani huwezi kuwasha kiberiti, utafukuzwa. Omba kudondosha tone la maji. Kwenye pamba hutawanyika na kuzama. Kwenye poliesta mara nyingi hukaa juu likikutazama. Ila nguo mpya hutoka kiwandani na dawa ya kuikaza au kuilainisha, kwa hiyo pamba halali nayo inaweza kuligomea tone. Fikicha kwanza pale mahali, ndipo udondoshe.

Halafu kuna zile namba kubwa za pakiti: 800, 1000, 1500. Hiyo ni hesabu ya nyuzi za mtande (zinazokwenda urefu) na za mshindio (zinazokwenda upana) ndani ya inchi moja ya mraba. Viwanda vingine husokota nyuzi nyembamba mbili au tatu kuwa uzi mmoja, kisha vinahesabu kila kipande, ndipo namba inapovimba. Kwa joto letu mimi nashonea pamba ya 200 hadi 300, ufumaji wa kawaida, uzi mmoja juu mmoja chini. Halina mng'ao, lakini hewa inapita. Satini, hata ikiwa ya pamba tupu, uzi wake huruka nyuzi kadhaa kabla ya kuzama, ndiyo maana inang'aa, na ndiyo maana huwa nzito mwilini. Ya bibi harusi sawa, picha zitapendeza.

Vipimo navyo vinaliza watu. Kitanda cha futi 5 kwa 6 hakimaanishi shuka la 5 kwa 6. Godoro likiwa na unene wa inchi 8, hesabu upana inchi 60, ongeza 16 za pande mbili, ongeza 12 za kuchomekea: 88. Urefu kwa hesabu hiyohiyo ni 100. Pamba nayo hurudi ikifuliwa mara ya kwanza, kwa hiyo mimi huongeza inchi 4 au 5, au nafua kitambaa kabla ya kukikata. Shuka linalochomoka usiku si kwamba wewe unagaagaa sana, limepunjwa.

Na dawa ya kulainisha nguo, ile ya kunukia, usiitie kwenye mashuka. Huupaka uzi utando, na pamba yako inaanza kukataa maji kama poliesta. Nunua pamba, fua, anika juani; kila ukifua inazidi kulainika yenyewe.

Mama wa Chumbageni aliondoka na jozi moja nyeupe na foronya mbili, bila ua hata moja. Nilipomuuliza yale ya waridi atayafanyaje, akacheka: ana mdogo wake Lushoto, anamlalamikia baridi kila akipiga simu.