Tofauti za kinasaba katika protini za ute wa yai: maana yake

Ute mweupe wa yai la kuku ni maji kwa karibu asilimia 88. Kinachobaki kwa sehemu kubwa ni protini, na zaidi ya nusu yake ni ovalbumini. Zinafuata ovotransferini, ovomukoidi, lisozimu na nyinginezo. Kila protini huundwa kwa maelekezo ya jeni, na jeni moja yaweza kuwa na sura zaidi ya moja, ziitwazo aleli. Kundi la kuku likiwa na aleli mbalimbali za protini hizo, tunasema lina tofauti za kinasaba katika ute.

Kwa ovalbumini, aleli A na B zinajulikana sana tangu miaka ya 1960. Hutofautiana kwa jambo dogo: palipo na asidi amino (kiungo kimoja cha mnyororo wa protini) iitwayo asparagini kwenye protini ya moja, ya nyingine ina asidi ya aspartiki, yenye chaji hasi. Ukiuweka ute kwenye jeli na kupitisha umeme, protini zenye chaji hasi zaidi husafiri kasi zaidi kuelekea upande chanya. Jeli ikitiwa rangi, mistari hujitokeza. Mtetea mwenye A na B huonyesha mistari ya zote mbili, maana hakuna inayoifunika mwenzake. Hapa umakini unahitajika: hata aleli moja ya ovalbumini hutoa mistari kadhaa kwa sababu ya idadi ya fosfeti (vikundi vyenye fosforasi) zilizoshikamana na protini, na hiyo si tofauti ya urithi.

Ute hutengenezwa ndani ya mrija wa mayai wa mama. Kwa hiyo ukipima ute unasoma jeni za mtetea, si za kifaranga wala za jogoo. Na hakuna haja ya kumchoma kuku sindano ili kutoa damu.

Kwa kuku wa kienyeji, kama Kuchi au Ching'wekwe wa Tanzania, kipimo hiki kina thamani kwa sababu umbo na manyoya havitoshi kuonyesha utajiri wa urithi. Chukulia mitetea 100: 30 ni AA, 50 ni AB, 20 ni BB. Kila mtetea ana aleli mbili, hivyo aleli A ni 110 kati ya 200, yaani asilimia 55. Kuku wakipandana bila mpangilio, AB hutarajiwa kuwa karibu 50. AB wakipatikana 20 tu, huenda ndugu wanapandana, au makundi mawili yasiyochanganyika yamehesabiwa kama moja. Mfugaji aanze kwa kuuliza majogoo wanaotumika wametoka wapi.