Ushindani wa rejareja katika huduma ya maji kwa wafanyabiashara: maana yake

Mtu akisikia kwamba mwenye mgahawa kule England anaweza kuihama kampuni yake ya maji, huuliza kwanza: kwani mtaa mmoja una mabomba ya kampuni ngapi? Bomba ni lile lile moja. Chanzo hakibadiliki, mtambo wa kusafisha maji haubadilishwi, na majitaka hupita njia ile ile. Kinachoshindaniwa ni kazi ya kumhudumia mteja: kusoma dira (mita ya maji), kutoa ankara, kupokea malipo, kusikiliza malalamiko na kumwonyesha matumizi yake.

Kwa hiyo huduma hugawanywa mara mbili. Mwenye mabomba huwa muuzaji wa jumla, naye hubaki peke yake katika eneo lake. Kampuni za rejareja hununua huduma kwake, kisha humdai mteja kwa ankara moja. Hapa kuna sharti ambalo likilegezwa mfumo mzima hauna maana: bei ya jumla lazima iwe ya wazi na sawa kwa kila muuzaji wa rejareja. Mara nyingi mwenye mabomba ana hisa katika kampuni mojawapo ya rejareja, na asipobanwa ataipendelea.

Uskoti ndiyo iliyotangulia, Aprili 2008. Shirika la umma la Scottish Water lilibaki na miundombinu, na upande wa rejareja ukatengwa kuwa Business Stream. England ilifuata tarehe 1 Aprili 2017, chini ya sheria ya maji ya 2014, ikawafungulia mlango wateja zaidi ya milioni 1: maduka, viwanda, mashirika ya hisani, hata shule na ofisi za umma. Mdhibiti ni Ofwat, na taarifa za wateja na dira hupitia taasisi iitwayo MOSL. Nyumba za kuishi hazimo. Wales nayo ilibaki na utaratibu wa zamani, ambapo anayeweza kuhama ni mtumiaji mkubwa mno, wa lita milioni 50 kwa mwaka na kuendelea.

Je, bei hushuka? Kidogo. Sehemu kubwa ya ankara ni gharama ya jumla, ambayo muuzaji wa rejareja hana uwezo wa kuipunguza, kwa hiyo kinyozi mwenye sinki mbili asitarajie makubwa. Anayenufaika hasa ni mwenye matawi mengi. Zamani aliletewa ankara na kila kampuni ya kila eneo. Sasa anaweza kupata moja, na akaona mara moja ni tawi gani matumizi yake yamepanda ghafla. Greene King, kampuni ya baa, ilikwenda mbali zaidi ikachukua leseni ya kujihudumia yenyewe.

Kwa maoni yangu, kinachouangusha mpango huu ni dira. Nyingi ziko chini ya vifuniko barabarani, nyingine hazikusomwa kwa muda mrefu, na mteja akawa analipa kwa makadirio. Isitoshe, anayesoma dira ni wa rejareja lakini mwenye dira ni wa jumla. Ikiharibika, mteja humlalamikia wa kwanza, huyo akamwandikia wa pili, na siku zinakwenda. Ushindani bila vipimo sahihi ni ahadi tupu kwa mfanyabiashara mdogo.

Kwa hiyo ndugu anayefungua duka au saluni London au Leicester, siku ya kukabidhiwa ufunguo atafute dira, aipige picha namba zikisomeka, na aipeleke namba hiyo kwa kampuni iliyosajiliwa kwenye jengo lile. Asipochagua kampuni, maji yataendelea kutoka na kampuni hiyo itamdai kwa bei zake za kawaida, ambazo kwa mteja mdogo Ofwat imeziwekea ukomo.