Siasa za Marekani hazikuwahi kuwa za waungwana: dhana potofu na ukweli

Nafundisha watu wazima wanaojiandaa kwa mtihani wa uraia wa Marekani. Wengi ni Wakongo wa Kivu, Warundi waliokulia kambi ya Nyarugusu, na Wakenya waliokuja kusoma wakabaki. Seneti ina watu wangapi na Baraza la Wawakilishi wangapi, hayo wanayajua, siyarudii. Kinachonichosha ni maneno yanayotoka WhatsApp na barazani kuhusu kwa nini Warepublikan na Wademokrat hawaelewani tena. Moja nimelisikia mara nyingi mno, na leo nalijibu kwa kirefu. Mengine nitayapitia haraka.

Dhana: Zamani walielewana kwa kuwa walikuwa watu wenye maadili

"Mwalimu, hawa wa siku hizi wamelaaniwa. Wazee wao walipingana mchana, jioni wakala meza moja." Kisha hutajwa Rais Ronald Reagan na Spika Tip O'Neill, waliorushiana maneno makali na bado mwaka 1983 wakakubaliana kuuokoa mfuko wa pensheni wa Social Security.

Mapatano hayo yalikuwepo kweli. Ila kuyaeleza kwa uungwana wa watu ndiko kunakonikera, kwa sababu kunaficha mambo mawili makubwa.

La kwanza ni kwamba vyama vyenyewe vilikuwa vimechanganyika. Kwa karibu miaka mia moja baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wazungu wa majimbo ya Kusini waliipigia kura Democratic, maana Republican kilikuwa chama cha Abraham Lincoln, rais aliyewashinda katika vita hivyo. Ndani ya Democratic hiyo hiyo ulimkuta Hubert Humphrey wa Minnesota, aliyepigania haki za Wamarekani weusi, na James Eastland wa Mississippi, aliyewaona weusi kuwa watu wa chini. Republican nako kulikuwa na waliberali wa New York na wahafidhina wa Arizona. Aliyetaka kupitisha muswada mkubwa alilazimika kutafuta watu upande wa pili, kwa sababu upande wake mwenyewe haukuwa na kauli moja. Mwaka 1950 kamati ya wanazuoni wa siasa wa Marekani ilitoa ripoti ikitaka vyama vitofautiane zaidi, ili mpiga kura awe na cha kuchagua.

Sasa uliza gharama ya mapatano hayo ilibebwa na nani. Ilibebwa na weusi wa Kusini. Ili Wademokrat wa Kaskazini wabaki na wingi wa viti, waliwaachia wenzao wa Kusini wafanye watakavyo majimboni kwao. Eastland aliongoza Kamati ya Sheria ya Seneti tangu 1956 hadi 1978, na alitumia kiti hicho kukwamisha miswada ya haki za kiraia. Muswada wa kuadhibu magenge yaliyowaua weusi kwa kuwanyonga ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 1922, ukafia Seneti. Mauaji ya namna hiyo yakaja kuwa kosa katika sheria ya shirikisho mwaka 2022. Karne nzima. Na mwaka 1956, Mahakama ya Juu ilipokuwa imeshakataza shule kutenga watoto kwa rangi, wabunge na maseneta 101 wa Kusini walitia saini tamko la kuupinga uamuzi huo. Wademokrat walikuwa 99, Warepublikan wawili. Watu hao walisifika kwa adabu ukumbini.

Ukitaka ushirikiano wa kujivunia, shika Juni 10, 1964. Wapinzani wa Sheria ya Haki za Kiraia, iliyokataza ubaguzi wa rangi, walikuwa wameuzuia muswada kwa hotuba zisizokwisha kwa zaidi ya miezi miwili. Robert Byrd, Mdemokrat wa West Virginia, alikuwa ametoka kuzungumza usiku kucha, zaidi ya saa 14. Ikapigwa kura ya kukata mjadala. Seneta Clair Engle wa California, mwenye uvimbe kwenye ubongo na asiyeweza tena kusema, aliingizwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu. Jina lake liliposomwa alijikaza akainua mkono hadi jichoni, na hiyo ikahesabiwa kuwa ndiyo yake. Mwezi uliofuata alifariki. Kura zikawa 71 kwa 29. Bila Warepublikan 27 waliosimama na kiongozi wao Everett Dirksen wa Illinois, muswada ule ungekufa, kwa sababu Wademokrat wa Kusini ndio waliokuwa wakiuzuia.

Lakini tazama kilichofuata. Sheria ile ndiyo iliyouvunja mchanganyiko. Miezi michache tu baadaye Seneta Strom Thurmond wa South Carolina aliihama Democratic akaingia Republican, na wazungu wa Kusini wakamfuata polepole kwa miongo kadhaa. Wahafidhina wakajikusanya chama kimoja, waliberali kingine. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mgawanyiko wa leo imetokana na nchi kuacha kuwatoa weusi kafara ili vyama viendelee kupatana. Mwanafunzi akiniambia anatamani siasa za 1955 zirudi, namwomba ajione yeye na wanawe Mississippi mwaka huo.

La pili ni hesabu ya madaraka. Democratic ilishika Baraza la Wawakilishi mfululizo tangu 1955 hadi 1995. Mrepublikan wa miaka ya sabini hakuwa na matumaini ya kuona chama chake kikishika uspika, hivyo akitaka daraja au barabara kwa watu wake alishirikiana na wenye nguvu. Newt Gingrich, Mrepublikan wa Georgia aliyechaguliwa mara ya kwanza mwaka 1978, aliwafundisha wenzake kinyume chake: usimsaidie mpinzani aonekane anaweza kutawala. Mwaka 1994 Republican ilipata viti 54 zaidi ikalichukua Baraza, na tangu hapo wingi umekuwa ukibadilisha mikono kila baada ya muda. Anayeamini kwamba miaka miwili ijayo chama chake kitashika ukumbi ana kila sababu ya kukwamisha muswada wa leo, hata awe mcha Mungu kiasi gani.

Na mwenye maadili akijaribu kwenda kinyume? Richard Lugar, Mrepublikan wa Indiana, aliingia Seneti mwaka 1977. Mwaka 1991 yeye na Mdemokrat Sam Nunn wa Georgia walitunga sheria ya kugharamia uharibifu wa silaha za nyuklia zilizobaki Umoja wa Kisovieti ulipokuwa unasambaratika. Maelfu ya vichwa vya nyuklia viliondolewa kwa mpango huo. Mei 2012, katika kura za mchujo, ambazo chama hutumia kuchagua mgombea wake, Lugar aliangushwa kwa zaidi ya asilimia 20 na Richard Mourdock, ambaye alisema waziwazi kwamba kwake ushirikiano wa vyama ni Wademokrat kuja kwenye msimamo wa Warepublikan. Novemba Mourdock naye akashindwa na Mdemokrat. Lugar hakubadilika tabia. Waliomwadhibu ni wapiga kura wa mchujo.

Dhana: Vyama vikipatana, jambo limekuwa jema

Agosti 1964 Baraza la Wawakilishi lilimpa Rais Lyndon Johnson ruhusa ya kutumia nguvu Vietnam kwa kura 416 kwa 0, na Seneti kwa 88 kwa 2. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa katika vita hiyo, na Wavietnam kwa mamilioni. Mwaka 2002 vita ya Iraq iliidhinishwa Seneti kwa 77 kwa 23, vyama vyote viwili ndani. Mwaka 2003, kwa upande mwingine, vyama hivyohivyo vilipitisha mpango wa Rais George W. Bush wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zikawa kati ya nchi za mwanzo kunufaika. Wapo darasani kwangu ambao ndugu zao wako hai kwa ARV zilizolipiwa na sheria ile. Pima jambo lenyewe, na nani analilipia. Idadi ya vyama vilivyounga mkono haikuambii.

Dhana: Chuki haijawahi kufika hapa

Mei 22, 1856, mbunge Preston Brooks wa South Carolina aliingia ukumbi wa Seneti akampiga Seneta Charles Sumner kwa fimbo hadi akapoteza fahamu, kwa sababu ya hotuba dhidi ya utumwa. Sumner alichukua kama miaka mitatu kurudi kazini kikamilifu. Miaka mitano baada ya kipigo kile vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza.

Dhana: Siku hizi hawapatani katika lolote

Mwaka 2021 sheria ya barabara, madaraja na maji ilipita Seneti kwa 69 kwa 30, Warepublikan 19 wakiiunga mkono. Mwaka 2022, baada ya watoto kuuawa shuleni Uvalde, Texas, sheria ya silaha ilipita kwa 65 kwa 33. Habari hizi hazisambai kwa sababu hakuna anayepiga kelele.

Kilichoharibika ni kwamba miswada yenye wingi wa kutosha hunyimwa kura. Hili linawagusa wanafunzi wangu moja kwa moja. Juni 2013 Seneti ilipitisha marekebisho ya sheria za uhamiaji kwa kura 68 kwa 32, Warepublikan 14 wakiwa ndani. Spika John Boehner, Mrepublikan, hakuufikisha muswada huo kwenye kura ya Baraza, kwa kuwa wengi wa chama chake hawakuutaka. Familia nyingi zilikuwa zimeshaanza kukusanya makaratasi. Spika anayethubutu kutegemea kura za upande wa pili anajua gharama yake: Septemba 30, 2023 Kevin McCarthy alipitisha fedha za muda ili serikali isifungwe, Wademokrat wakiunga mkono kwa wingi kuliko chama chake. Siku tatu baadaye Warepublikan wanane wakamwangusha, na Wademokrat nao wakapiga kura aondoke.

Dhana: Mgawanyiko unatokana na mipaka ya wilaya za uchaguzi tu

Mipaka ya wilaya zinazochagua wabunge wa Baraza huchorwa kwa hila ili kukipendelea chama fulani, ndiyo, na inaudhi. Lakini seneta huchaguliwa na jimbo zima, ambalo mipaka yake haichorwi upya, na Seneti nayo imegawanyika vibaya. Mwaka 2016 kila kiti cha Seneti kilichogombewa kilikwenda kwa chama kilichoshinda urais katika jimbo hilo. Watu sasa wanapigia chama kura kutoka juu hadi chini.

Dhana: Wote wameoza sawasawa, kwa hiyo hakuna cha kuchagua

Hii ya pili kwa kunikera, kwa sababu inamlinda mwovu. Kutokubaliana kuhusu kodi, mipaka ya nchi au bima ya afya si kuoza. Kuoza ni kuacha kumwajibisha mtu wa chama chako pale unapojua amekosa.

Agosti 7, 1974 Warepublikan watatu, Barry Goldwater, Hugh Scott na John Rhodes, walikwenda Ikulu kumwambia Rais Richard Nixon, Mrepublikan mwenzao aliyebanwa na kashfa ya Watergate, kwamba maseneta wa kumwokoa hawatoshi. Siku mbili baadaye akawa ameondoka. Februari 13, 2021, katika kesi ya Donald Trump kuhusu uvamizi wa Januari 6, wafuasi wake walipovamia jengo la Bunge kuzuia matokeo ya uchaguzi, maseneta Warepublikan saba kati ya 50 walipiga kura ya kumtia hatiani. Kiongozi wao Mitch McConnell alipiga kura ya kumwachia, kisha akasimama ukumbini akasema Trump anabeba lawama ya yaliyotokea. Alijua, akaacha. Katika Baraza, Warepublikan kumi walikuwa wamepiga kura Trump ashtakiwe. Uchaguzi uliofuata waliorudi ni wawili.

Wademokrat wana deni lao. Mwaka 1999 hakuna hata seneta wao mmoja aliyepiga kura dhidi ya Rais Bill Clinton katika kesi yake Seneti, ingawa alikuwa amedanganya chini ya kiapo. Rais Joe Biden aliahidi kutotumia msamaha wa rais kumwokoa mwanawe aliyeshtakiwa mahakamani, na Desemba 2024 akamsamehe. Mambo haya ni mabaya, na nayasema darasani bila kumung'unya. Lakini kumsamehe mwana na kujaribu kuzuia matokeo ya uchaguzi mkuu si makosa ya uzito mmoja, na anayeyaweka kwenye mizani moja anadanganya wasikilizaji wake.

Na bado kuna nyakati watu wanawajibisha wa kwao. Desemba 2023 George Santos, Mrepublikan aliyedanganya karibu kila kitu kuhusu maisha yake, alifukuzwa bungeni kwa kura 311 kwa 114, na Warepublikan 105 waliunga mkono. Seneta Bob Menendez wa New Jersey aliposhtakiwa kwa rushwa ya fedha na vipande vya dhahabu, zaidi ya nusu ya maseneta wenzake wa Democratic walimtaka ajiuzulu. Alingoja hadi Agosti 2024, baada ya kutiwa hatiani.

Ninachowaambia walioapa kiapo cha uraia

Msisubiri uchaguzi mkuu wa Novemba. Katika wilaya nyingi mshindi anajulikana tangu kura za mchujo, na wanaojitokeza siku hiyo ni wachache. Hao ndio waliomwangusha Lugar, na ndio waliomwangusha Liz Cheney wa Wyoming Agosti 2022 baada ya kupiga kura Trump ashtakiwe. Pennsylvania, New York na Florida hakuna kura ya mchujo ya chama kwa asiyejiandikisha kama mwanachama wake, na lazima ujiandikishe mapema. Texas na Michigan unachagua siku hiyohiyo upige kura ya mchujo ya chama gani. Na kama bado una green card tu, usipige kura katika uchaguzi wa shirikisho wala usijaze fomu ya mpiga kura, hata mtu wa ofisini akikusukumia: ni kosa linaloweza kukufukuzisha nchini.