Kufungwa makusudi ili upate kinda bora: hesabu imebadilika

Kila ifikapo Februari, vijana ninaowafundisha kikapu huniletea swali lilelile. Timu ya NBA inayojijenga upya, ambayo mtoano imeshaukosa, kwa nini isifungwe tu mechi zilizobaki ili ipate kinda bora kwenye drafti, yaani siku timu zinapochagua kwa zamu vijana wapya wa kuingia ligi? Ni swali la maana. Sisi tumezoea ligi za kushuka daraja, ukishika mkia mwakani unacheza chini na wadhamini wanakukimbia. NBA hakuna kushuka. Anayeshika mkia anawekwa mbele kwenye foleni ya kuchagua vijana wapya, yaani mfumo wenyewe unamlipa aliyefungwa.

Tuelewane kwanza: hii si kuuza mechi. Wachezaji walio uwanjani wanapambana kweli, maana mkataba wao ujao unategemea wanachoonyesha leo. Anayefungisha timu ni ofisi. Nyota mwenye goti linalouma kidogo anapumzishwa wiki nzima, mkongwe anauzwa, na robo ya nne wanaachiwa watoto ambao hawajawahi kumaliza mechi ngumu.

Tarehe 7 Aprili 2023 Dallas Mavericks walikuwa nyumbani dhidi ya Chicago Bulls, na bado walikuwa na kijitundu cha kuingia mtoano. Kyrie Irving na wenzake kadhaa wakawekwa kando. Luka Dončić alicheza robo ya kwanza, ya pili ilipoanza tu akatolewa, na hakurudi tena. Wakafungwa 115 kwa 112. Kisa ni kwamba chaguo lao la drafti ya mwaka ule lilikuwa na deni: lisipoangukia ndani ya kumi za mwanzo, linakwenda New York Knicks. Ligi iliwapiga faini ya dola 750,000. Lakini chaguo likabaki kwao, namba 10, na baada ya kubadilishana na Oklahoma City wakaondoka na Dereck Lively II, ambaye mwaka uliofuata alikuwemo kwenye kikosi kilichofika fainali.

Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kufungwa makusudi hakulipi kamwe. Ila angalia Dallas walinunua nini: walikuwa na nyota tayari, walihitaji kubaki kwenye kumi za mwanzo tu, na gharama ilikuwa mechi za mwisho wa msimu. Hiyo ni tofauti kabisa na kujizamisha miaka mitatu ukimsubiri mkombozi.

Anayemsubiri mkombozi anacheza bahati nasibu, na bahati nasibu ile si ya zamani. Hapo nyuma timu ya mwisho ilikuwa na asilimia 25 ya kupata chaguo la kwanza. Kwa mfumo ulioanza 2019, timu tatu za mkiani zina asilimia 14 kila moja. Mashine ina mipira 14, inatoka minne, na michanganyiko 1,000 imegawiwa kwa timu zilizokosa mtoano. Hizo tatu zina 140 kila moja. Tena kinachochezeshwa ni nafasi nne za juu tu. Wa mwisho kabisa akizikosa zote anaangukia ya tano, na uwezekano wa hilo ni karibu asilimia 48.

Ndiyo maana Detroit Pistons walishika mkia 2023 wakachagua wa tano. Msimu uliofuata wakafungwa mechi 28 mfululizo, wakamaliza na ushindi 14 kati ya 82, wakachagua wa tano tena. Utah Jazz 2025, yaleyale. Kuanzia 2019 hadi 2025 timu ya mwisho haikupata chaguo la kwanza hata mara moja. Mwaka 2025 lilikwenda kwa haohao Dallas, waliokuwa na asilimia 1.8 tu! Kutoka wa tatu kutoka mwisho hadi wa mwisho unavumilia vipigo vya ziada bila kuongezewa hata tiketi moja ya chaguo la kwanza.

Na ukilipata chaguo la juu bado hujamaliza. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchukua Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam akiwa wa pili. James Harden alikwenda wa tatu, Stephen Curry wa saba, na wote wawili wakaja kuwa nyota wakubwa wa ligi. Simlaumu Hasheem. Kijana mrefu anayejifunza mchezo anahitaji dakika nyingi na mkongwe wa kumshika mkono, na timu inayojizamisha huwa imeshawauza wakongwe wake.

Philadelphia 76ers chini ya meneja Sam Hinkie ndio waliokwenda mbali zaidi: ushindi 19, kisha 18, kisha 10, kati ya mechi 82 kila msimu. Drafti tatu mfululizo waliondoka na Nerlens Noel, Joel Embiid na Jahlil Okafor, wote watu wa kusimama chini ya kikapu. Watatu wanagombea nafasi moja! Embiid akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2023, lakini tangu enzi za Hinkie hadi 2025 timu ile haikuwa imevuka raundi ya pili ya mtoano.

Watu hunijibu kwa Oklahoma City, mabingwa wa 2025. Kweli nao walizama. Desemba 2021 Memphis waliwachapa kwa tofauti ya pointi 73. Lakini Shai Gilgeous-Alexander walimpata 2019 walipomuuza Paul George kwa Clippers, pamoja na furushi la chaguo za miaka ya mbele. Jalen Williams alitoka kwenye furushi hilohilo, namba 12. Chet Holmgren ndiye waliyempata kwa vipigo vyao wenyewe. Tena fainali walibanwa hadi mechi ya saba na Indiana, ambao Tyrese Haliburton walimpata kwa kubadilishana na Sacramento.

Mimi ningekuwa meneja, ningemuuza mkongwe mapema, Januari, bei yake ikiwa bado juu, na ningedai chaguo za wenzangu kuliko kutegemea zangu. Msimu mmoja mbaya ningeuvumilia. Ila kocha ningemwacha apange kikosi cha kushinda kila usiku, hata cha watoto watupu, na mkongwe mmoja ningembakiza kwa makusudi, asiyefunga sana lakini anayejua kupiga kelele kwenye ulinzi.