Katanga: mwenyeji ni nani, na nani huamua?

Wanafunzi wangu wa historia hapa Lubumbashi wanapoandika juu ya kujitenga kwa Katanga, jimbo la kusini-mashariki mwa Kongo, wengi huanza na makabila: Walunda upande huu, Waluba upande ule, kana kwamba chuki ilikuwa imelala ardhini pamoja na shaba ikingoja kuchimbwa. Huwaomba waanze kwingine, yaani kwenye kazi, nyumba na kura, kwa sababu orodha ya wenyeji na wageni katika jimbo hili imebadilika kila mara mamlaka yalipobadilika, na walioiandika upya walijua walichokuwa wakikitafuta.

Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihitaji wafanyakazi wengi kuliko kusini mwa Katanga kulivyoweza kuipa. Ikawaandika watu kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda, Burundi na hasa Kasai, jimbo jirani, na reli ya BCK ilipofika Port-Francqui, Ilebo ya leo, mwaka 1928, safari ya kutoka Kasai ikawa nyepesi. Katika miaka hiyohiyo kampuni iliamua kwamba mfanyakazi aishi kambini na mke na watoto wake. Watoto hao walizaliwa hapa, wakasoma hapa, wakakua wakisema Kiswahili cha hapa. Hata hivyo, uchaguzi wa manispaa wa Desemba 1957 ulipowapa watu wenye asili ya nje ya Katanga nafasi nyingi za umeya katika mitaa ya Waafrika ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ndipo ilipoanza kusemwa waziwazi kwamba wageni wameuchukua mji.

Chama cha Conakat kilizaliwa Oktoba 1958, na rais wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri, mfalme wa Wayeke. Hapa napenda msomaji atulie kidogo. Wayeke wa Msiri walitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, wakaingia Katanga katika karne ya 19 kwa biashara na kwa bunduki. Na mjukuu wa mfalme wao ndiye aliyeongoza chama cha Wakatanga halisi dhidi ya watu waliokuja kwa gari moshi. Sisemi haya kuwadharau Wayeke, ambao ni watu wa hapa kama sisi sote. Nasema kwamba urefu wa kukaa haujawahi kuwa kipimo chenye msimamo.

Uchaguzi wa Mei 1960 ulithibitisha mgawanyiko. Katika bunge la jimbo lenye viti 60, Conakat ilipata 25, na muungano ulioongozwa na Balubakat, chama cha Waluba wa Katanga cha Jason Sendwe, pamoja na chama cha Wachokwe na kile cha Wakasai, ukapata 23. Kwa hiyo Moïse Tshombe, kiongozi wa Conakat, alipotangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, siku 11 baada ya uhuru, alisema kwa jina la Katanga nzima ilhali sehemu kubwa ya Katanga haikumtuma. Kaskazini ikaasi: Manono, Bukama, Kabalo. Jandarmeri, jeshi la Tshombe, chini ya maofisa wa Kibelgiji na askari wa kukodiwa, ilichoma vijiji. Vijana wa Balubakat nao waliua, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa huko Niemba, Novemba 1960. Januari 1961 viongozi wa Balubakat wakatangaza jimbo lao la Lualaba, makao yakiwa Manono, hata waliojitenga na Kongo wakajikuta wametengwa na wenzao kabla ya kutimiza miezi saba. Humu mjini, mwaka 1961, makumi ya maelfu ya Waluba, wengi wao wa Kasai, walikimbilia ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Katanga ya Tshombe ilikwisha Januari 1963.

Kilichotokea baada ya miaka 30 huniumiza zaidi, kwa kuwa hakikuhitaji bendera wala majeshi. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa inaporomoka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, na mishahara ikawa haieleweki. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa, ulioitishwa kujadili mageuzi ya kisiasa, ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mkasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, Mkatanga. Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na vijana wa UFERI, chama cha Nguz, walikuwa wamekwisha kuwaita Wakasai bilulu, wadudu, na mtu akishaitwa mdudu hadharani na gavana wake, jirani hupata ruhusa. Likasi ilianza, Kolwezi ikafuata mwaka 1993. Familia zililala stesheni kwa majuma na miezi zikingoja mabehewa ya kwenda Mwene-Ditu na Kananga, huko Kasai, watoto wakafa kwa surua na njaa, na nafasi zao kazini zikagawanywa. Waliofukuzwa walihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na wengi walikuwa hawajawahi kuiona Kasai. Gavana huyo mwenyewe alikuwa Mluba wa Katanga, wa jamii ileile iliyohesabiwa adui mwaka 1960. Mwaka 2007 akawa spika wa bunge la jimbo.

Kundi la waasi la Kata Katanga la Gédéon Kyungu Mutanga, lililoingia Lubumbashi na silaha Machi 2013, lilijengeka katika pembetatu ya Manono, Mitwaba na Pweto, yaani ndani ya kaskazini iliyompinga Tshombe. Wapiganaji hao walikuja mjini wakidai uhuru wa jimbo, huku nyuma yao wameacha vijiji vya Wakatanga vikiwa majivu.

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne, na orodha mpya zikaandikwa papo hapo. Kule katika jimbo la Tanganyika, mojawapo ya hayo manne, Watwa na Waluba wamechinjana Nyunzu na Kalemie, na huko Watwa, wachache waliokaa misituni kabla ya wote, wameambiwa hawana ardhi. Huku Lubumbashi na Kolwezi, vijana wa Kasai wanaoendesha pikipiki, mawewa, wanasikia tena maneno ya 1992, na safari hii rais wa nchi, Félix Tshisekedi, ni mtoto wa yule waziri mkuu wa 1992. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inaliachia jimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa ndani yake, na kifungu hicho hakijatekelezwa inavyopasa. Dai la kupewa asilimia hizo ni la haki, nami nalitetea kwa moyo wote; lakini deni hilo liko Kinshasa, na kijana wa pikipiki hana hata faranga moja ya kulilipa.