Kwa nini kwenye CT skani ya kifua unaambiwa "toa pumzi yote"

Karibu kila anayekuja kupigwa CT skani ya kifua anajua ataambiwa avute pumzi na kuishikilia, na wengi hulifanya vizuri. Kinachowashangaza ni sauti ya mteknolojia inaporudi kwenye spika: haya, sasa toa pumzi yote, usivute mpaka nikuambie. Wengine hutoa nusu tu, wakidhani ni utaratibu wa kutimiza. Kwa mtu mwenye shida kwenye mirija ya hewa, picha hiyo ya pili mara nyingi ndiyo yenye jibu.

Mirija hiyo huanza na koo la hewa, lenye upana wa karibu sentimita 2, kisha hugawanyika tena na tena, kama mara 23, hadi kwenye vifuko vya hewa. Unapovuta pumzi, pafu linalotanuka huivuta mirija na kuifungua. Unapotoa, hunywea. Kwa hiyo mrija mgonjwa unaweza kuonekana mzima kabisa kifua kikiwa kimejaa, kisha ukajifunga hewa inapotaka kutoka. Mwenye pumu hahitaji kuelezwa: hewa kuingia si tabu sana, kutoka ndiko kunakopiga mluzi.

Kila nukta ya picha ya CT ina namba, kwa kipimo kilichopewa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza ambaye mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971. Maji ni 0, hewa tupu ni −1000. Pafu lenye afya likitoa pumzi hewa hupungua, namba hupanda, na picha huwa ya kijivu zaidi. Sehemu ambayo hewa yake imenaswa nyuma ya mirija iliyoziba hubaki nyeusi, hivyo pafu likatoka na mabaka. Katika utafiti mpaka unaotumika sana ni −856: sehemu yenye namba iliyo chini ya hapo mtu akishatoa pumzi huhesabiwa kuwa imenasa hewa.

Mirija inayosababisha mabaka hayo ni midogo mno, CT ya kawaida haiioni. Mwaka 1968 James Hogg, Peter Macklem na William Thurlbeck walionyesha, kwa kupima mapafu ya marehemu, kwamba mirija yenye upana chini ya milimita 2 haizuii hewa sana kwa mtu mzima wa afya, lakini kwa wenye COPD, ule ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ndiyo inayobana zaidi. Mwaka 2011 Hogg na wenzake walirudi na CT ya kuona vitu vidogo sana, wakaripoti kwamba mirija hiyo husinyaa na kutoweka kabla vifuko vya hewa havijaanza kubomoka. Ndiyo maana siridhiki na kipimo cha kupuliza hewa kwenye mashine peke yake. Ni kipimo kizuri, tena cha bei nafuu, ila kinatoa namba moja kwa mapafu yote mawili, na mirija mingi inaweza kufa namba ikiwa bado inaridhisha.

Tunajuaje kama mgonjwa ametoa pumzi kweli? Tunatazama koo la hewa. Ukuta wake wa nyuma hauna gegedu, kwa hiyo pumzi ikitoka ukuta huo huingia ndani. Ukibaki ulivyokuwa, hakutoa, na kuandika kwenye ripoti kwamba "hakuna hewa iliyonaswa" ni kumdanganya daktari aliyeomba kipimo. Kuna upande wa pili pia. Zamani koo la hewa likinywea zaidi ya asilimia 50 lilihesabiwa kuwa legevu kiugonjwa, lakini watu wengi wenye afya walipopimwa nao walipita hapo. Siku hizi wengi wetu tunangoja asilimia 70 au zaidi, na hata hapo tunauliza kwanza mgonjwa anajisikiaje.

Katika ukanda wetu kuna jambo jingine la kuangalia. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zilikuwamo kwenye orodha ya WHO ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Mtu anamaliza dawa, anapona, ila makovu yanavuta kuta za mirija na kuiacha imetanuka. Makohozi hujaa humo, kikohozi hakiishi, na mara nyingi anaanzishiwa tena dawa za TB ingawa vipimo vya makohozi havionyeshi vimelea. Kwenye CT mrija wa namna hiyo hutambulika haraka: kila mrija hutembea na mshipa wake wa damu, na kwa kawaida hulingana kwa upana. Mrija ukiwa mpana kuliko mwenzake, vikikatwa pamoja huonekana kama pete yenye kito. Tiba yake si ya TB. Ni kutoa makohozi kwa mazoezi ya kifua na kutibu maambukizi yanapozuka.

Pumu nayo imetuletea mapya. Mwaka 2018 watafiti nchini Marekani waliripoti vizibo vya ute kwenye CT za asilimia 58 ya wagonjwa wao wa pumu, na asilimia 4.5 tu ya watu wenye afya. Vizibo vilibaki sehemu ileile ya pafu kwa miaka. Dawa ya kupulizia inayolegeza misuli ya mirija haiyeyushi ute ulioganda, jambo linaloeleza kwa nini wengine hubaki wamebanwa hata wakiitumia sawasawa.

MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, haina mionzi ya eksirei kama CT, ila pafu lina maji kidogo na picha hutoka nyeusi. Njia mojawapo ni kuvuta gesi ya zenoni-129 iliyoandaliwa maalumu, kisha kupigwa picha ndani ya pumzi moja. Gesi isikofika hubaki weusi. Marekani iliidhinisha gesi hiyo mwishoni mwa 2022 kwa wenye miaka 12 na zaidi. Ni mashine ghali na gesi ghali, sitegemei kuiona hospitali ya mkoa hivi karibuni.

Kuhusu mionzi: eksirei moja ya kifua ni takriban milisivati 0.1, CT ya kifua ni karibu 6, na picha ya kutoa pumzi huweza kupigwa kwa dozi ndogo. Mjamzito, au anayedhani ni mjamzito, aseme kabla ya kupanda kitandani. Mazoezi ya kutoa pumzi yafanyike kabla mashine haijawashwa. Kama hukuelewa, mwombe mteknolojia arudie. Na njoo na picha zako za zamani, CD yenyewe, si karatasi ya ripoti peke yake, maana kizibo kilichokaa mahali pamoja miaka miwili hakijulikani bila kulinganisha.