Mtoto wa selimundu hakurogwa

Kuanzia Newala hadi Nachingwea maneno haya hayajaisha: “Mtoto kazaliwa mzima, kafikisha miezi sita ndiyo kaanza kuvimba vidole na kulia usiku kucha. Kuna mkono wa mtu.”

Hakuna mkono wa mtu. Selimundu, ugonjwa wa damu, alikuwa nayo tangu tumboni, kwa jeni alizorithi kwa baba na mama, ambao mara nyingi wenyewe ni wazima.

Mbona basi haikuonekana mapema? Kuwa na jeni ni jambo moja, jeni kufanya kazi ni jingine. Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Tumboni mtoto hutumia himoglobini ya kichanga, inayotokana na jeni nyingine, isiyo na kasoro. Akishazaliwa, protini iitwayo BCL11A huizima jeni hiyo taratibu, na jeni ya beta, ile ya himoglobini ya ukubwani, yenye kasoro, hushika zamu. Hapo ndipo chembe nyekundu zinapoanza kujipinda kama mundu.

Dawa ya hidroksiyurea huiamsha tena, kwa kiasi, himoglobini ya kichanga. Mwaka 2023 Uingereza iliidhinisha tiba inayopunguza BCL11A katika seli za uboho.

Inauma kuona pesa ya korosho ikiishia kwa mganga, na mtoto hajapimwa damu.